Lami Pekee Haitoshi: Taarifa za Hali ya Hewa na za Barabara ya Ndege ni Uhai wa Usafiri wa Anga Shinyanga na Geita

Kiwanja cha ndege kinapojengwa, macho ya wananchi huelekea kwenye vitu vinavyoonekana: lami, jengo la abiria, uzio, taa na mnara wa kuongozea ndege. Ni haki yao, kwa kuwa vitu hivyo vimegharimu fedha za umma. Hata hivyo, kipo kitu kingine kinachotoka kiwanjani kila siku ambacho hakionekani kwa macho na hakizinduliwi kwa kukata utepe, nacho ni taarifa. Rubani aliye umbali wa mamia ya kilomita hawezi kuiona barabara atakayotua. Kabla ya kuondoka, hutegemea kile alichoandikiwa au kuambiwa na watumishi walioko kule aendako. Taarifa hiyo ikiwa sahihi na ikifika kwa wakati, safari hufanyika kwa usalama au huahirishwa kwa busara. Ikiwa imechelewa au ina kosa, lami nzuri haiwezi kufidia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mikoa ya Shinyanga na Geita. Huu ni ukanda wa madini. Almasi ya Mwadui wilayani Kishapu imechimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Migodi mikubwa imekuwa ikitegemea ndege kusafirisha wataalamu, vipuri vya dharura na mzigo wenye thamani kubwa, na ndiyo sababu viwanja kadhaa katika ukanda huu vilianza kama viwanja vya migodi. Buzwagi ilisitisha uzalishaji mwaka 2021, lakini kiwanja kilichojengwa kwa ajili yake kimebaki kuwa na manufaa kwa wakazi wa Kahama.

Serikali nayo imewekeza katika viwanja vya umma. Mkoa wa Geita una kiwanja kilichopo wilayani Chato chenye barabara ya kuruka na kutua ndege ya urefu wa kilomita 3. Kiwanja cha Shinyanga, kilichopo Ibadakuli, kimo katika mpango wa uboreshaji kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya pamoja na viwanja vya Tabora, Kigoma na Sumbawanga. Kwa miaka mingi ndege za Ibadakuli zilitua juu ya changarawe. Mradi huo unahusu barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 2.2 na upana wa mita 30. Lami inaondoa vumbi, mawe yanayorushwa na matope. Haiondoi upepo, radi wala joto.

Taasisi tatu, jukumu moja

Mwananchi anayesikia kwamba ndege imeshindwa kutua huuliza ni nani mwenye lawama. Ili kulijibu swali hilo kwa haki, ni vyema kufahamu mgawanyo wa kazi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA) huendesha viwanja vya Serikali, hivyo hali ya barabara, taa, uzio na huduma za zimamoto kiwanjani ni sehemu ya kazi zake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) husimamia usalama wa sekta, hutoa huduma za kuongoza ndege na huchapisha taarifa rasmi za anga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2019, hupima na kutabiri hali ya hewa, ikiwemo ile inayohitajika na marubani. Juu ya zote tatu upo utaratibu wa Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO), ambalo viambatisho vya mkataba wake hueleza namna hali ya hewa inavyopimwa, namna viwanja vinavyotakiwa kuwa na namna taarifa zinavyosambazwa.

Kutokana na kazi hizo, rubani hupokea aina tatu kuu za taarifa. Ya kwanza ni METAR, yaani vipimo vya hali ya hewa iliyopo kiwanjani wakati huo, vinavyotolewa kila saa au kila nusu saa. Ya pili ni TAF, utabiri wa kiwanja husika kwa saa zijazo. Ya tatu ni NOTAM, tangazo linaloeleza mabadiliko katika kiwanja au anga: taa zisizofanya kazi, sehemu ya barabara iliyofungwa kwa ukarabati, au chombo cha kuongozea ndege kilichozimwa kwa muda. METAR inasema hali ilivyo sasa, TAF inasema itakavyokuwa, na NOTAM inasema kipi kimebadilika. Rubani anayekosa moja kati ya hizo anakuwa na picha isiyokamilika.

Mstari mmoja wenye mengi

METAR huandikwa kwa mkato ili isomwe kwa namna moja duniani kote. Kwa mfano wa kufundishia, taarifa ya Shinyanga ingeweza kuandikwa hivi: HTSY 051200Z 09012KT 9999 FEW025CB 30/17 Q1016.

Herufi HTSY ni utambulisho wa kimataifa wa Kiwanja cha Shinyanga. Tarakimu 051200Z zinaonesha kuwa ni tarehe 5, saa 1200 kwa saa za kimataifa, ambayo ni saa 9:00 alasiri kwa Tanzania. Upepo unatoka nyuzi 090, yaani mashariki, kwa kasi ya noti 12, karibu kilomita 22 kwa saa. Tarakimu 9999 zina maana kwamba mtu anaweza kuona umbali wa kilomita 10 au zaidi. Sehemu inayofuata ndiyo yenye onyo: kuna mawingu machache ya radi, na vitako vyake viko futi 2,500 juu ya kiwanja. Joto ni nyuzi 30, kiwango cha umande ni nyuzi 17, na mgandamizo wa hewa ni hektopaskali 1016.

Mtu aliyesimama Ibadakuli alasiri hiyo angeweza kusema anga ni nzuri. Jua linawaka, na Kishapu inaonekana kuwa haina mvua. Rubani anayesoma mstari huo huona herufi mbili tu, CB, naye huongeza mafuta ya akiba, huchagua kiwanja mbadala na hujiandaa kugeuza safari. Hapo ndipo penye chimbuko la manung'uniko mengi ya abiria: wanaiona anga iliyo juu ya vichwa vyao, ilhali rubani anaipima njia nzima, kiwanja na saa itakayofuata.

Tarakimu ya mwisho nayo si ya kupuuzwa. Kipima kimo cha ndege hufanya kazi kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa. Kosa la hektopaskali moja huleta tofauti ya takriban futi 30 katika kimo kinachosomwa. Mtumishi akiandika 1021 badala ya 1016, rubani ataamini yuko juu zaidi ya alipo kwa futi 150 hivi, sawa na mita 45. Kukiwa na mwanga na anga safi, macho yanaweza kuokoa. Kukiwa na ukungu au mvua nzito, mita 45 ni tofauti kati ya kutua na kugonga. Ndiyo maana kazi ya mpimaji wa hali ya hewa, ambayo watu wengi hawaifahamu, ni kazi ya usalama kwa maana kamili ya neno.

Joto na mwinuko: mzigo usioonekana

Shinyanga iko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kiwanja chake kiko takriban futi 3,800. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Joto huifanya kuwa nyepesi zaidi. Kwa kanuni za kawaida za urubani, joto la nyuzi 30 katika kiwanja cha mwinuko huo huifanya ndege iwe na uwezo kana kwamba iko futi zaidi ya 6,000. Bawa hupata nguvu kidogo ya kunyanyua, injini hupata hewa kidogo, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi kabla ya kuiacha ardhi.

Kwa hiyo barabara ya kilomita 2.2 haina maana moja kwa saa zote za siku. Asubuhi yenye ubaridi inaweza kuiruhusu ndege kuondoka ikiwa na abiria wote na mizigo yao. Mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndege hiyo hiyo inaweza kulazimika kupunguza uzito. Abiria anayeelezwa kuwa mzigo wake utafuata kwa ndege nyingine anaweza kudhani amedharauliwa, kumbe uamuzi umetokana na hesabu ya joto, upepo na urefu wa barabara. Hesabu hiyo huanzia kwenye kipimajoto cha kiwanjani. Kipimajoto kikikosewa, hesabu yote imekosewa.

Barabara yenyewe inapobadilika

Hali ya barabara pia hubadilika ndani ya dakika chache. Tangu tarehe 4 Novemba 2021, ICAO imeanza kutumia utaratibu mmoja wa dunia nzima wa kutoa taarifa za uso wa barabara za ndege. Barabara hugawanywa katika sehemu tatu, na kila sehemu hupewa alama kuanzia 0 hadi 6. Barabara kavu hupata 6. Barabara iliyolowa kwa kina kisichozidi milimita 3 hupata 5. Maji yakituama kwa zaidi ya kina hicho, alama hushuka hadi 2, kwa sababu matairi yanaweza kuelea juu ya maji na breki kukosa nguvu.

Utaratibu huu unamtaka mtu atoke, aikague barabara na aripoti anachokiona. Hapa ndipo viwanja vya mikoani vinapokabiliwa na mtihani. Kiwanja chenye safari chache kwa wiki kina kishawishi cha kuiacha barabara bila ukaguzi wa karibu siku zisizo na ndege. Lakini mifereji huziba, nyasi hukua na ng'ombe hutafuta malisho bila kusoma ratiba ya safari. Katika mikoa yenye mifugo mingi kama Shinyanga na Geita, uzio uliokatwa mahali pamoja ni taarifa ya usalama inayopaswa kumfikia rubani kabla hajaanza kushuka.

Ziwa linalotengeneza radi zake

Ukanda huu una jirani mkubwa, Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Ukubwa wake unalifanya litengeneze hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na pepo kutoka pande zote huelekea ziwani na kukutana juu yake. Hewa hiyo hupanda na kujenga mawingu ya radi ambayo hufikia nguvu zake usiku wa manane na alfajiri. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hupata joto, upepo wa ziwa huingia nchini, na radi hujitokeza alasiri katika maeneo ya bara. Ratiba ya ndege inayopangwa bila kuzingatia mzunguko huo inajitafutia ucheleweshaji.

Mawingu ya radi yana hatari ambayo haionekani kutoka dirishani. Hewa baridi huporomoka kutoka ndani ya wingu, ikigonga ardhi husambaa pande zote. Ndege inayopita chini yake hukutana kwanza na upepo wa mbele unaoiinua, kisha ghafla upepo wa nyuma unaoipokonya kasi ikiwa karibu na ardhi. Tarehe 2 Agosti 1985, ndege kubwa ya abiria ya kampuni ya Delta ilianguka kwa sababu hiyo ikikaribia kutua Dallas nchini Marekani, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha. Ajali hiyo ilichochea uwekezaji mkubwa katika mitambo ya kutambua mabadiliko ya ghafla ya upepo.

Tanzania ina kumbukumbu yake yenye uchungu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia na 24 waliokolewa, wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi wa ajali ya ndege hulenga kuzuia ajali nyingine na si kugawa lawama. Kwa Kanda ya Ziwa, tukio hilo linabaki kuwa ukumbusho kwamba mabadiliko ya hali ya hewa ya dakika chache yana bei ya maisha ya watu.

Hatua zilizopo na pengo la kuzibwa

Msingi wa kujengea upo. TMA ina rada ya hali ya hewa Mwanza inayofuatilia mvua na radi katika ukanda wa ziwa. TCAA imefunga rada nne za kuongozea ndege za kiraia katika viwanja vya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, hivyo ndege zinazoelekea Shinyanga na Chato haziko tena katika anga isiyoonekana.

Hata hivyo, rada ya Mwanza haiwezi kuhesabu kina cha maji kwenye barabara ya Ibadakuli, wala kupima upepo unaovuma kwenye ncha ya barabara ya Chato. Vipimo vya mwisho hufanyika kiwanjani. Kwa sababu hiyo, kipimo cha kukamilika kwa kiwanja cha mkoa kinapaswa kujumuisha maswali ambayo mara nyingi hayaulizwi siku ya makabidhiano. Je, kuna mpimaji wa hali ya hewa kwa saa zote za safari, pamoja na saa za dharura? Je, vifaa vya upepo na mgandamizo vinahakikiwa kwa wakati? Umeme ukikatika, je, taarifa itaendelea kutoka? Taa moja ikiharibika, je, NOTAM hutolewa siku hiyo hiyo, na ikitengenezwa, je, tangazo huondolewa? Tangazo lililopitwa na wakati nalo ni kosa, kwa sababu humzoesha rubani kutoyaamini matangazo.

Gharama ya maswali hayo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya lami, lakini ni gharama ya kila mwaka. Lami hulipiwa mara moja na kusherehekewa, ilhali mpimaji hulipwa kila mwezi na kifaa huhitaji matengenezo kila msimu. Ni katika bajeti za uendeshaji, kuliko za ujenzi, ndipo usalama wa viwanja vya mikoani utaamuliwa. Hili lina maana pia kiuchumi. Shirika la ndege lisilo na imani na taarifa za kiwanja hulazimika kubeba mafuta mengi ya akiba, na kila kilo ya mafuta hayo huchukua nafasi ya abiria au mzigo. Mgonjwa anayesubiri ndege ya dharura hulipa kwa muda alionao.

Wajibu wa mwananchi

Wananchi nao wana sehemu yao. Mifugo isiachwe karibu na uzio, na anayeuona uzio umekatwa atoe taarifa kwa uongozi wa kiwanja au serikali ya mtaa. Takataka zisitupwe jirani na kiwanja, kwa sababu huvuta ndege wa angani ambao wanaweza kuingia kwenye injini. Moshi wa mashamba yanayochomwa hupunguza umbali wa kuona. Ndege ndogo zisizo na rubani hazipaswi kurushwa bila kibali. Ujenzi wa minara na majengo marefu katika uelekeo wa barabara ya ndege unahitaji idhini ya TCAA, hata kama kiwanja husika ni cha muhtasi.

Abiria anayo haki ya kuelezwa sababu ya safari kuahirishwa, na anapoona hakutendewa haki anaweza kufikisha lalamiko lake TCAA au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Haki hiyo ina upande wake wa pili: kutomshinikiza rubani. Ndege inayorudi Mwanza kwa sababu ya radi Ibadakuli haijashindwa kazi. Mfumo mzima, kuanzia mpimaji aliyesoma kipimo, mwongoza ndege aliyekifikisha hadi rubani aliyekiheshimu, umefanya kile ulichowekwa kukifanya.

Mvua za Vuli huanza kwa kawaida Oktoba katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, zikifuatiwa na Masika kuanzia Machi. Katika misimu hiyo TMA hutoa utabiri wa kila siku pamoja na angalizo na tahadhari pale hali inapohitaji. Msafiri wa Shinyanga au Geita anayeusoma utabiri huo kabla ya kufunga mizigo atafahamu mapema kile ambacho rubani wake tayari anakifahamu, na atakuwa na subira zaidi safari itakapochelewa.